Duka la Redio Lilivyotoweka Milimani Usambara



Juma hili twawaalika kutafakari pamoja nasi jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni kutoweka kwa duka la redio. Hatusemi kwamba redio imetoweka. La hasha, watu wangali wanasikiliza, tena pengine kuliko zamani. Twasema juu ya duka lenyewe: lile lenye kabati la kioo, redio zimepangwa rafuni kwa ukubwa, katoni za betri chini ya meza, na fundi ameketi pembeni na pasi yake ya kulehemu. Miji midogo ya nchi yetu ilikuwa na maduka ya namna hiyo, na miji ya milima hii haikuwa tofauti. Leo mwenye kupita Lushoto au Soni atakuta simu, chaja na makava kila baada ya hatua chache, lakini duka la redio atalitafuta.

Wako wanaotueleza kwamba hayo ni matokeo ya biashara ya mtandaoni, nao hutoa mifano ya ng'ambo. Mifano hiyo ni ya kweli. Kampuni ya RadioShack ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1921, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2015; Circuit City ilifunga maduka yake mwaka 2009; na Comet ya Uingereza ikamalizika mwaka 2012. Huko mnunuzi aliingia dukani, akaitazama bidhaa, akarudi nyumbani kuiagiza kwa bei nafuu kwa kompyuta yake. Lakini je, ni nani aliyeua duka la redio la Lushoto kwa kuagiza redio kwa kompyuta? Twaona kwamba tumeazima maelezo ya watu wengine kwa msiba wetu wenyewe. Duka hili kwetu lilikufa mara mbili, na mara zote mbili muuaji alikuwa mwingine.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, yakawa chini ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na hatimaye mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wakubwa kwa umri kati yetu wangali wanaukumbuka mlio wake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo ilianza mwaka 1957. Hata hivyo sauti angani si kitu pasipo chombo cha kuinasa. Redio za kwanza zilikuwa kubwa, zenye kula umeme mwingi, na milimani umeme ulikuwa wa wachache mno. Kilichobadili mambo ni transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kuingia katika redio za kuuzwa madukani mwaka 1954. Redio ikapungua uzito, ikatosheka na betri kavu, ikaweza kupandishwa mlimani kwa kubebwa mkononi. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam kutengeneza redio na betri za jina la National, na Philips nao waliunganisha redio zao Arusha. Hivyo mkulima wa Usambara aliyenunua redio aliweza kununua kitu kilichounganishwa katika nchi yake mwenyewe, jambo ambalo watoto wetu wa leo wakiambiwa hudhani ni hadithi.

Yatupasa kufahamu redio ilikuwa nini katika nyumba. Baada ya mabati ya paa, na pengine baiskeli (ingawa baiskeli na milima yetu ni marafiki wa mbali), hiki kilikuwa mojawapo ya vitu vya thamani kubwa alivyoweza kununua mtu aliyeishi kwa kahawa, kabichi na matunda. Alidunduliza. Mara nyingine alilipa kidogo kidogo, naye mwenye duka alikubali kwa sababu alijua kwao ni wapi na mavuno yake yatatoka lini. Siku ya kuichukua, redio ilifunguliwa mbele yake, ikawekwa betri, ikajaribiwa hadi mtangazaji akasikika. Na kwa kuwa Lushoto imo bondeni katikati ya vilima, karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vimejificha nyuma ya migongo ya milima, muuzaji mwema alieleza pia namna ya kutundika waya wa shaba mtini ili mawimbi yapatikane. Elimu hiyo haikuandikwa katika karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Ilikuwa ya duka.

Tena biashara yenyewe ilikuwa betri kuliko redio. Redio mtu hununua mara moja. Betri hazina mwisho. Nani asiyekumbuka betri zilizoanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu za taarifa moja zaidi ya habari? Au zile zilizofungwa kwa mstari ndani ya boksi la karatasi, nzee na mpya pamoja, waya zikipita huku na huku? Mke aliyetaka kusikiliza mchezo wa redio na mume aliyetaka mpira waligombana juu ya betri, si juu ya redio. Kwa ajili ya betri mtu alirudi dukani tena na tena, akaketi barazani, akasikia redio ya duka hata kama yake ilikuwa imenyamaza. Hata asiyekuwa na redio kabisa aliketi hapo.

Serikali ililifahamu hilo vema. Mwaka 1973 ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu takriban milioni 2 nchini kote walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi kwa redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mtaalamu hakuweza kufika kila kitongoji; redio iliweza, mradi iwe na betri.

Na kulikuwa na matangazo ya vifo. Hapa twaomba msomaji kijana atuvumilie, kwa maana hili ndilo lililoifanya redio kuwa kitu kisichoweza kukosekana. Kijana aliyeshuka kwenda kutafuta kazi Tanga au Dar es Salaam hakuwa na simu, na barua ilichukua siku nyingi. Mzazi akifariki, jina lilipelekwa redioni, na saa ya matangazo ikifika watu walinyamaza nchi nzima. Msomaji alitaja marehemu, akataja mahali pa maziko, kisha akasema habari ziwafikie fulani na fulani, mmoja mmoja, na huko waliko. Nyumba yenye redio ilikuwa na wajibu: iliposikia jina la jirani, mtu alitumwa mbio gizani kwenda kumwambia. Redio mbovu haikuwa hasara ya mwenyewe tu. Ndiyo maana fundi aliyeweza kuifufua siku ile ile aliheshimiwa, na ndiyo maana kukosekana kwa betri kulikuwa na uzito ambao leo ni vigumu kuueleza.

Sasa tuje katika kifo cha kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilichukuliwa na mashirika ya umma. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, nayo iliwagusa hasa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, ambao wengi wao waliondoka. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Nia ilikuwa njema, nasi hatuwabezi walioitamka. Unyonyaji dukani haukuwa jambo la kubuni. Lakini duka ni zaidi ya chumba chenye rafu. Ni mtu anayejua bidhaa itoke wapi, na nani aaminiwe. Zoezi lile lilisimamishwa mwaka huo huo kwa kuwa uhaba ulikuwa umezidi, ila yaliyoharibika hayakurudi kwa amri.

Kisha vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, upungufu wa fedha za kigeni, viwanda vikikosa vipuri na malighafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni yenyewe ilikuwa ya kupangiwa foleni, sembuse betri. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, wako waliotupa bidhaa kwa hofu ya kukutwa nazo. Hali kama hiyo haihitaji mshindani wa mtandaoni ili kufunga duka la redio.

Likafufuka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na enzi ya Mzee Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, ikapanua njia hiyo. Redio kaseti kutoka Dubai zikapanda mlimani juu ya mabasi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua milango kwa vituo visivyo vya serikali. Mwaka 1994 vikaja Radio One na ITV, na ndipo Bara ikapata televisheni, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar. Radio Maria ilianza Songea mwaka 1996. Twathubutu kusema kwamba miaka hiyo kumi ndiyo iliyokuwa kilele cha duka hili: redio, kaseti tupu, televisheni, na fundi mwenye kazi tele.

Kifo cha pili kilikuja kikitabasamu. Mtandao wa Mobitel ulianza mwaka 1994, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Mwanzoni simu ilikuwa ya tajiri. Baadaye ikaja simu ndogo ya bei nafuu, ile tunayoiita kitochi, ndani yake mkiwa na taa, saa, na redio ya FM. Hapo duka liliporwa bidhaa tatu kwa kifaa kimoja. Kaseti ikafuatwa na kadi ya kumbukumbu, ambayo kijana mwenye kompyuta aliijaza nyimbo kwa fedha kidogo. Redio ndogo za kutoka China zikauzwa mikononi na machinga kwa bei ambayo kuitengeneza iliyoharibika ni ghali kuliko kununua nyingine. Na mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, na Tanga mapema mwaka 2013, biashara ya ving'amuzi ilikuwa mikononi mwa kampuni na mawakala wao.

Tusiwe wepesi wa kulilia ya kale. Mwenye duka wa zamani aliweza kumbana mnunuzi kwa bei, maana mnunuzi hakuwa na pa kwenda. Simu imeleta daktari, bei za mboga za Kariakoo, na tangu mwaka 2008 fedha za M-Pesa, kwa mama ambaye zamani hakumiliki hata redio. Tulichopoteza ni mtu wa kujibu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, na walioamka na kipande cha plastiki mkononi walikuwa wamenunua kwa fedha halali, mara nyingi kwa muuzaji wasiyemjua tena. Ni nani angewarudishia? Redio ya National iliyokorofisha ilirudishwa kwenye meza ile ile iliyotoka.

Tena kitochi hunasa FM tu, tena hudai waya za masikioni ziwe antena, na FM haipendi milima. Bibi aliyeko nyuma ya kilima, aliyezoea kupata masafa mafupi kwa waya wa mtini, hana tena pa kupeleka redio yake. Mafundi waliobaki hubadilisha vioo vya simu, nao vijana wanaojifunza kwao hawajui kufungua redio ya transista. Habari za misiba sasa husambazwa kwa WhatsApp, zikiwa na picha ya marehemu na namba ya kupeleka rambirambi. Bibi huyo huzipata mjukuu akirudi jioni, ikiwa amekumbuka kumwonesha.