Utitiri wa Usoni na Krimu za Kariakoo

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vingepigwa marufuku Dar es Salaam. Tarehe yenyewe ilikuwa bado mbali, lakini siku chache tu baada ya tangazo makundi ya vijana wa kiume yalijaa kituo cha mabasi cha Kariakoo, yakawaandama wasichana waliovaa nguo fupi na za kubana, mpaka polisi wakalazimika kuingilia kati. Magazetini barua zikamiminika. Wapo waliosema taifa linajilinda, wapo waliouliza kwa nini utamaduni ulindwe juu ya miili ya wanawake peke yao. Krimu ikahukumiwa pamoja na kimini, kama kosa la maadili. Ngozi yenyewe, na kile krimu inachoifanyia, ilikaa pembeni ya mjadala. Naamini hapo ndipo tulipokosea njia, na zaidi ya miaka 50 baadaye hatujarudi kuitafuta.

Ngozi ya uso ina wakazi. Karibu kila mtu mzima duniani anao utitiri wa usoni, mdudu ambaye wanasayansi humwita Demodex. Ni jamaa wa kupe, wa utitiri wa kuku na wa mdudu aletaye upele. Ana miguu 8 mifupi iliyobanana upande wa mbele na mwili mrefu unaochongoka kuelekea nyuma. Hafiki nusu milimita, kwa hiyo macho matupu hayamwoni. Wako wa aina mbili: mmoja hukaa kwenye vinyweleo vya mashavu, pua, paji la uso na kope, mwingine, aliye mfupi zaidi, hujichimbia kwenye vifuko vya mafuta. Mchana hujificha kichwa chini, na usiku, wewe umelala, hutoka kutafuta mwenzake. Maisha yake ni kama wiki 2.

Mwanasayansi Jacob Henle alimwona mdudu huyu mwaka 1841, kwenye ngozi ya sikio. Mwaka uliofuata Gustav Simon, daktari wa Berlin aliyekuwa akitafuta chanzo cha chunusi, alikamua chunusi, akaweka uchafu wake chini ya hadubini, na mbele ya macho yake kitu kikasogeza miguu. Richard Owen wa London akampa jina la kisayansi mwaka 1843. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba mdudu huyu hana njia ya haja, kwamba uchafu humjaa tumboni hadi siku ya kufa. Utafiti wa vinasaba vyake uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa njia anayo. Mimi hunigusa zaidi utafiti mwingine, wa mwaka 2015, uliogundua kwamba utitiri huu una matawi 4 ya ukoo, na kwamba watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Marekani bado wanabeba matawi ya kwao, ingawa familia zao zimekaa ng'ambo vizazi na vizazi. Hupita kutoka uso hadi uso, mama akimlalisha mwana kifuani. Mtoto mchanga huzaliwa bila huyu mdudu, akapewa na wanaompenda.

Dar es Salaam si mgeni katika historia ya wadudu wa jamii hii. Ukitoka soko la samaki la Feri ukifuata ufukwe unafika Ocean Road, hospitali waliyoijenga Wajerumani na kuifungua mwaka 1897. Mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alifika katika mji huu mara zaidi ya moja. Mwaka 1905 alichunguza homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri wa misafara, akathibitisha kwamba inaletwa na papasi, aina ya kupe, waliojificha kwenye udongo wa vibanda vya kulala njiani, na kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia mayai. Mwaka huohuo, huko Kongo, homa hiyohiyo ilimuua Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza. Papasi alipata umaarufu mapema kwa sababu aliua. Huyu wa usoni hakuua mtu, akasahaulika.

Naye angebaki mpole kama kinga ya ngozi ingeachwa ifanye kazi yake. Tatizo lilizidi pale krimu zilipobadilika. Awali vita ilikuwa dhidi ya zebaki na hydrokwinoni. Halafu zikaingia sokoni dawa za steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Steroidi ya kupaka ilianza kutumika kutibu ngozi mwaka 1952, na daktari akiiandika kwa siku chache ni dawa nzuri. Muuzaji akiikoroga kwenye kopo na losheni, ikapakwa usoni asubuhi na jioni kwa miezi, inalaza kinga ya ngozi. Utitiri unapata nafasi, unazaliana. Uso unakuwa mwekundu, unawaka, unatoa vipele vidogo vyenye usaha. Mwenye uso anaacha krimu, hali inazidi kwa wiki kadhaa, anaingiwa na hofu, anarudi kwenye kopo.

Feri mambo haya yanaonekana kweupe. Kwenye vikaango vya samaki, ambako jua na moto humpata mtu kwa pamoja, utamwona dada mwenye mashavu mekundu yaliyolainika kama ganda la kitunguu, na vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi. Akikaribia moto anageuza uso. Mtazame kope: kwenye mashina kuna magamba meupe yaliyozunguka kama pete, baadhi ya kope zimenyofoka, na chokea haimwishi. Atakwambia ni moshi. Huenda ni moshi, lakini magamba ya namna hiyo ni alama ya utitiri, na daktari wa macho huzing'oa kope mbili tatu akazipima kwa hadubini. Hatari kubwa zaidi ni kununua duka la dawa matone ya macho yenye steroidi bila kuandikiwa, au kupaka mkorogo hadi kwenye kope: presha ya macho na mtoto wa jicho huja kwa njia hiyo.

Sheria zimekuwepo. Ya mwaka 2003 iliunda TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, na kuipa usimamizi wa vipodozi. Mwaka 2019 kazi hiyo ikahamia TBS, Shirika la Viwango. Shehena hukamatwa, huteketezwa, na kopo lingine hukorogwa. Kuchoma mali hakumwelezi mnunuzi kinachoendelea ndani ya kinyweleo chake, na kumtukana anayejichubua, kama tulivyoanza mwaka 1968, kunamfanya afiche ugonjwa hadi uharibifu uwe mkubwa.

Kwa hiyo dada, kaka, kama uso unawaka na kope zinakuwasha, usiache krimu kimyakimya wala usiongeze nyingine. Chukua tyubu au kopo unalotumia, hata lile unalolificha nyumbani, uende nalo kliniki ya ngozi. Ipo dawa ya kupunguza utitiri, na ipo njia ya kuiachisha ngozi steroidi polepole. Daktari anahitaji tu kujua ulichopaka.