Kutoka damu baada ya kujifungua: Kwa nini wakunga wanaacha kukadiria kwa macho

Mama akipoteza nusu lita ya damu au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, tayari yuko hatarini. Shida ni kwamba kwa miaka mingi nesi alikadiria tu: nyingine imelowa kwenye kanga, nyingine kwenye shuka, nyingine iko sakafuni. Na macho mara nyingi huona pungufu.

Utafiti wa E-MOTIVE ulijaribu njia nyingine katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Ulihusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, na matokeo yakatoka Mei 2023.

Nini kilibadilika wodini?

Mtoto akishatoka, mkunga anamtandikia mama plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu inaingia humo, yeye anasoma. Ikifika kiwango cha hatari hasubiri: anakanda mji wa mimba, anatoa dawa ya kuufanya ubane na nyingine ya kusaidia damu kuganda, anaweka dripu, anakagua kama kuna mchaniko na kuita msaada. Vyote kwa mpigo.

Hakuna dawa mpya hapo, hata moja. Zamani zilitolewa kwa zamu, ya kwanza ikishindwa ndipo ya pili, huku dakika zinayoyoma.

Kwa njia hii, asilimia 93 ya waliotoka damu nyingi waligunduliwa, dhidi ya 51 kwenye hospitali za utaratibu wa kawaida. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa ili kuzuia damu, au kufa kwa sababu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60.

Semina peke yake isingefika huko. Vifaa na dawa viliwekwa pamoja kwenye toroli moja, kila hospitali ikawa na wahudumu wa kuwasukuma wenzao, na takwimu za wodi zilirudishwa kwa manesi wenyewe wazione. Toroli lisipojazwa tena baada ya dharura ya jana, mafunzo hayamsaidii mama wa leo.

Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikwenda mbali zaidi: matibabu yaanze damu ikifika mililita 300, iwapo mapigo ya moyo au presha si ya kawaida.