Sumukuvu

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa *Aspergillus flavus*, kwenye mahindi na karanga, vyakula vya kila siku katika kata ya Kashaulili na mkoa mzima wa Katavi. Huzidi pale mahindi yanapoanikwa juu ya udongo au kuwekwa ghalani yakiwa mabichi. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Ikiwa nyingi huharibu ini ndani ya siku chache. Kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina B. Mwaka 2016 nchini Tanzania watu 68 waliugua kwa sumu hii, wengi wao Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Karanga zilizosinyaa au kuota ukungu hutupwa. Ng'ombe akilishwa hizo, sumu hurudi kwenye maziwa.