Alexander Mackay, mhandisi aliyechonga herufi Buganda

Katikati ya mwaka 1878, huko Kagei, kusini mwa Ziwa Viktoria, Alexander Mackay alikuta mali ya misheni imelundikwa ovyo. Vipande vya injini ya mvuke, vifaa vya kuchapia, vitabu na zana za useremala vilikuwa vimechanganyika, hiki kimeliwa na kutu, kile na mchwa. Wenzake wawili waliomtangulia ziwani, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba iliyopita. Mackay akakaa chini, akaanza kuchambua kimoja kimoja.

Kisha ikaja zamu ya mashua, Daisy. Aliitengeneza, akatweka pamoja na mmisionari mwenzake Charles Wilson, lakini dhoruba ikawatupa ufukwe wa magharibi na mashua ikapasuka vibaya. Hapakuwa na mbao za kufaa. Basi wakaikata kipande cha katikati, mbao zake wakazibia matundu ya mbele na nyuma, wakaziunga pande mbili zilizobaki. Ilitoka fupi, ila ilielea. Novemba mwaka huohuo ikawafikisha Buganda.

Mackay alikuwa na umri wa miaka 29. Alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa Free Church. Mchungaji huyo alimfundisha mwanawe mwenyewe, hata njiani: alikuwa akisimama ghafla na kuchora maumbo ya hesabu vumbini kwa fimbo yake, mtoto akitazama, wanakijiji wakishangaa. Mtoto naye alivutwa na vyuma. Alikuwa akitembea maili kadhaa hadi stesheni ya Gartly kuliona garimoshi likisimama kwa dakika chache tu. Mama yake alifariki mwaka 1865, Alexander akiwa bado kijana mdogo. Familia ilitamani awe mchungaji kama baba. Yeye akasomea uhandisi Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani, ambako alipanda hadi kusimamia idara ya garimoshi katika kiwanda kimoja cha Berlin.

Angeweza kubaki huko na kuishi vizuri. Lakini Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph lilichapisha barua ya Henry Stanley, iliyoomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, na ikasisitiza kwamba waende watu wanaojua kazi za mikono. Kwa Mackay, barua hiyo ilifunga mjadala wa nyumbani. Mhandisi na mtumishi wa kanisa wangeweza kuwa mtu mmoja. Akajitolea kwa shirika la kimisionari la CMS (Church Missionary Society), na mwishoni mwa Mei 1876 akashuka Unguja. Kabla ya kuondoka Uingereza aliwaonya viongozi wa shirika kwamba baada ya miezi michache wangepata habari ya kifo cha mmoja wa wamisionari wanaosafiri, wasivunjike moyo. Agosti, mjenzi wa msafara, Robertson, alifariki Unguja.

Mackay mwenyewe aliugua bara, akarudishwa pwani. Alipopata nafuu alipewa kazi ya kufungua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370, ili magari ya ng'ombe yapite badala ya mizigo kubebwa vichwani. Vijana wa pwani walifyeka vichaka, wakang'oa visiki na kutandaza madaraja juu ya vijito. Majina yao hayakuandikwa, na ni hasara, maana barabara ile ilitoka mikononi mwao. Mbung'o wakaua ng'ombe wengi.

Kambini na njiani Mackay alijifunza Kiswahili, nacho kikawa ufunguo wake. Baraza la Mutesa lilikijua Kiswahili kutokana na wafanyabiashara wa pwani, kwa hiyo Mackay aliweza kuisoma Injili mbele ya Kabaka kwa tafsiri ya Askofu Edward Steere wa Unguja, na kubishana bila mkalimani. Alibishana na Waislamu, na tangu 1879 alibishana na mapadri Wakatoliki kwa ukali uliowachanganya wasikilizaji wake, kwani yeye na mapadri hao wote walijiita Wakristo.

Ikulu ilimtaka kama fundi kwanza. Alichimba kisima na kukitia pampu, maji yakapanda juu watu wakijionea. Namasole, mama yake Mutesa, alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeombwa kutengeneza majeneza, matatu, moja ndani ya jingine, na shaba ikakusanywa ikulu kwa kazi hiyo. Aligonga nyundo wiki kadhaa.

Hata hivyo kazi yake kubwa ya ufundi ilikuwa ndogo kwa umbo. Vijana wa ikulu walitaka kusoma, na maandishi hayakutosha. Akachonga herufi kubwa za mbao, akachapa kurasa za kujifunzia, akazigawa. Machi 1882 wanafunzi watano wa kwanza walibatizwa. Mmoja wao, Sembera, alichagua jina la ubatizo la Mackay.

Mutesa alifariki 1884, Mwanga akamrithi. Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Kakumba, Lugalama na Serwanga, waliuawa kwa moto. Mwaka 1886 yakafuata mauaji ya Wakristo huko Namugongo, na Mackay akabaki mmisionari pekee wa CMS mjini. Aliendelea kuchapa. Injili ya Mathayo kwa Kiganda ilitoka kabla hajalazimika kuondoka, Julai 1887.

Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 alikuta karakana imara na boila ya mashua ya mvuke ikitengenezwa. Homa ikamuua Mackay Februari 1890, boti haijakamilika. Dada yake alizikusanya barua alizokuwa akiandika nyumbani, na kitabu cha maisha yake kikatoka mwaka huohuo. Buganda, wasomaji waliendelea: Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari mwaka 1896, kwa kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta, Mganda aliyepitia misheni ileile.