Nani Ameshika Kichujio? Kutoka Rafu za Kaloleni Hadi Mandhari za Nyaraka

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini leo nina kisa.

Majuzi nilimaliza ukurasa mdogo wa kuonyesha mandhari za Sphinx. Kwa asiyeijua, Sphinx ni programu ya kutengenezea nyaraka za programu nyingine. Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, na tangu toleo la 0.6 la mwaka 2009 unaweza kuzivika nyaraka zako vazi unalotaka. Vazi hilo ndilo mandhari: rangi, fonti, menyu na mahali pa kutafutia.

Nilikusanya mandhari 40, nikazipanga kwa alfabeti, nikaridhika. Kijana mmoja wa hapa Buruburu akachukua ya kwanza kabisa, agogo, akaitumia kwenye mradi wake. Wenzake husoma kwa simu tu, na ukurasa ule uliwatoka nje ya kioo. Akaja kuniuliza, "Brathe, kama haishiki poa kwa simu, mbona iko juu?"

Iko juu kwa sababu inaanza na "ag". Lakini aliyechagua alfabeti ni mimi.

Swali lake lilinikumbusha Maktaba ya Kaloleni, hapa karibu na Jogoo Road. Hiyo ni tawi la Maktaba ya McMillan iliyoko katikati ya jiji, sawa na ile ya Makadara. McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa lugha yetu ya kazi, hicho kilikuwa kichujio. Kiliwekwa mlangoni, na msomaji Mwafrika hakuwa na kitufe cha kukizima. Wakazi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, walikuwa nje ya orodha kabla hata hawajaomba kitabu.

Ukishaingia ndani unakutana na mpangilio. Maktaba nyingi duniani hufuata namba za Mmarekani Melvil Dewey, za mwaka 1876. Angalia fungu la dini: Biblia na Ukristo zimepewa namba kuanzia 220 hadi 280 na kitu, halafu dini nyingine karibu zote zikabanwa kwenye 290. Uislamu wote ni 297. Fasihi za Kiafrika nazo ziko 896, karibu na mwisho wa fungu lake. Dewey alipanga dunia kama alivyoiona kutoka alipokuwa amesimama.

Tusimlaumu kupita kiasi. Kitabu ni kimoja na hukaa mahali pamoja, kwa hiyo rafu hulazimisha mpangilio mmoja. Mhindi S. R. Ranganathan aliliona tatizo hilo. Mwaka 1931, mwaka uleule McMillan ilipofunguliwa, alichapisha kanuni zake tano za maktaba, na moja inadai msomaji asipotezewe muda. Mwaka 1933 akatoa mfumo wa kukieleza kitabu kwa pande kadhaa: kinahusu nini, wapi, lini. Ukienda leo kununua simu mtandaoni ukachagua bei, kisha kampuni, kisha ukubwa wa kioo, unatumia wazo hilohilo.

Basi nikarudi kwenye kompyuta. Kila mandhari sasa ina sifa zake: inafaa kwa simu au la, uzito wa ukurasa kwa kilobaiti, ina rangi za usiku au haina, ilisasishwa lini. Vichujio vyote huanza vikiwa vimezimwa, na kando ya kila kimoja kuna idadi ya mandhari zitakazobaki, ili mtu asibonyeze akaishia kwenye ukurasa mtupu. Juu kabisa nimeandika wazi: "Zimepangwa kwa uzito, nyepesi kwanza." Sikuanza na umaarufu, kwa sababu kilicho juu hubonyezwa zaidi, kisha hubaki juu kwa kuwa kimebonyezwa. Huku kwetu bando linaisha haraka, kwa hiyo nimependelea wepesi. Ni upendeleo pia, lakini umetajwa, na kitufe cha kuubadilisha kiko palepale.

Bado ni mimi niliyeamua sifa zipi zihesabiwe. Kijana yule alishaniuliza kuhusu mandhari zinazochapika vizuri kwenye karatasi, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nimeliongeza.

Maktaba za Kaloleni na Makadara nazo zimekarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Ukipita Jogoo Road, ingia. Mlangoni hakuna anayekuchuja.

Haya, tuonane wakati mwingine.