Ridhaa ya Wadaawa: Hakimu na Laigwanani katika Historia ya Arusha

Katika mahakama za shirikisho za Marekani, tangu 1979, hakimu wa ngazi ya chini ya jaji anaweza kulisikiliza shauri la madai mpaka hukumu, mradi wadaawa wote wameridhia. Kwa anayeijua historia ya miteremko ya Meru, jambo hilo si geni sana. Mtafiti P. H. Gulliver, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alipochunguza maisha ya Waarusha katika miaka ya 1950, mahakama za wenyeji zilikuwapo tayari, na mahakimu wake walikuwa na nguvu ya serikali nyuma yao. Hata hivyo, magomvi mengi ya mipaka ya mashamba na mahari yalipelekwa kwenye mikutano ya ukoo, ya rika au ya majirani, ambako hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kukata neno. Malaigwanani, yaani wasemaji wa ukoo na rika, walisema kwa niaba ya watu wao, pande zikavutana, zikashuka kidogo kidogo mpaka zikafika panapokubalika. Haya yamo katika kitabu chake cha 1963.

Wengi hueleza hali hiyo kuwa ni mapenzi ya mila, au chuki dhidi ya boma la serikali ya kikoloni. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu watu walewale walikwenda kwa hakimu walipoona inawafaa. Hesabu ilikuwa ya nguvu. Mwenye rika imara na wasemaji hodari alitarajia mengi mkutanoni, ilhali asiye na watu alikuwa na sababu ya kutaka hukumu ya mtu mmoja asiyehesabu vichwa. Na kwa kuwa mpinzani angeweza kukimbilia mahakamani, hata mwenye nguvu alilazimika kupunguza madai yake. Mahakama ilifanya kazi hata siku ambayo hakuna aliyeiendea.

Hapa litazuka pingamizi zito: mjane aliyezungukwa na wakwe zake, akisemewa na wanaume, aliridhia nini? Pengine hakuridhia chochote, alinyamaza tu. Ila pingamizi hilo halinifanyi niamini kwamba amri ni bora kuliko ridhaa. Linaonyesha kwamba ridhaa huanza pale ambapo kukataa kunawezekana, na mjane huyo alihitaji mlango wa hakimu kuliko mtu mwingine yeyote.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliondoa mahakama za wenyeji na kuleta mahakama za mwanzo. Wazee hawakutupwa, waliwekwa kando ya hakimu kama wazee wa baraza, na mdaiwa aliyepata hati ya kuitwa hakuulizwa kama anaridhia. Mabaraza ya kata yalikuja mwaka 1985, baadaye yakapewa kuamua migogoro ya ardhi; mwaka 2021 yakanyang'anywa uamuzi huo, yakaachiwa usuluhishi tu. Yasipofanikiwa ndani ya siku 30, mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa sura, sheria imerudi karibu na mkutano wa Waarusha. Lakini katika kata ya mjini Arusha kama Daraja Mbili, majirani wawili wanaogombea ukuta wanaweza kuwa wametoka Singida na Usangi, hawana rika moja wala ukoo wa kuwabana. Msuluhishi wao anafanya kazi ya laigwanani bila watu wa laigwanani.