Kauri
Kauri ni gamba la konokono wa baharini, laini na lenye kung'aa. Ni pia udongo uliochomwa wa vikombe na sahani. Elektroniki imeliongezea neno hili kazi nyingine nzuri: resoneta ya kauri, kijipande kinachotetema kwa umeme na kuipa mikrokontrola mapigo yake. Yenye miguu mitatu huja na kapasita zake ndani. Bodi ya mikrokontrola ya Arduino Uno R3 hutumia kauri ya megahezi 16. Bei ya resoneta ya kauri ni nafuu kuliko ya fuwele ya kwatzi, nayo huwahi kuanza kutetema. Lakini ikikosea asilimia 0.5, saa hupotoka dakika 7 kwa siku. Kwa kuwasha taa, kauri yatosha. Kwa kutunza saa, fundi achague kwatzi.